Mlango wa Mbele Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu amepiga simu! Dakika sita. Kwa kawaida huwa nne, maana hupiga saa ya chakula cha mchana na nyuma yake nasikia sahani na wenzake wakicheka. Leo sita nzima. Nimezihesabu kwenye saa ya ukutani.

Naandika kila kitu humu kwa sababu daftari halijawahi kuniambia, hilo umeshanisimulia.

Mwanangu wa pekee anafunga milango kwenye kiwanda cha magari. Si karakana ya uchochoroni. Kiwanda cha nchi hii, magari ya nchi hii. Mlango wa mbele kushoto ni wake. Hakuna gari linalotoka pale bila kupita mikononi mwake. Wahandisi wapo, nawaheshimu. Lakini mhandisi gani amewahi kumzuia abiria asidondoke barabarani?

Habari yenyewe si nzuri. Magari hayanunuliwi. Yamejaa uwanja wa kiwanda, yanapigwa jua. Watu wanataka ya ng'ambo. Sasa uongozi umetoa tangazo: mfanyakazi atakayeleta wanunuzi watatu kufikia tarehe ishirini na moja anapewa likizo ya wiki mbili. Atakayewashinda wenzake wote atapata zawadi kubwa zaidi. Ni zawadi gani, hawajasema.

Wiki mbili! Hajafika nyumbani mwaka mmoja na miezi saba. Ndala zake bado ziko mlangoni, nazifuta vumbi. Akanisihi nisijisumbue.

Nimeshaanza kujisumbua.

Jumanne, 4 Machi

Pigo la kwanza. Gari langu halihesabiki! Nililinunua mwaka jana, kabla ya tangazo. Niliuza kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu. Kuwahi nako kumekuwa kosa.

Sijui kuendesha. Nakaa ndani yake tu. Kila alasiri naingia kiti cha abiria, upande wa kushoto, navuta mlango. Dup! Unafunga kama mtoto aliyelelewa. Kisha nakunywa chai yangu humo, vioo vimepandishwa. Kelele za mtaa hazisikiki kabisa. Nyumbani pia hazisikiki, lakini kule ni kimya cha aina nyingine.

Mpango: nianze na aliye mgumu kuliko wote, nikimpata yeye wengine watafuata. Mgumu ni Mama Meli, jirani wa ng'ambo ya barabara. Wanamwita hivyo kwa sababu mkwe wake huagiza magari yaliyotumika, yanakuja kwa meli. Binti na mkwe wanaishi huko huko bandarini. Walimletea gari jeupe. Linang'aa, lakini limesimama miezi miwili boneti wazi, linangoja kifaa kutoka nje.

Nikamwambia kwa upole kwamba la kwetu halingoji meli. Akasema la kwetu ni bati la kuezekea lililowekewa matairi. Akafunga geti. Geti lake linapiga kelele mbaya. Halikufungwa na mwanangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejiandikisha shule ya udereva! Si kwa ajili ya kuendesha. Ni kumnasa Mwalimu wa Udereva. Ana gari moja tu la kufundishia, kuukuu, la ng'ambo, na mwanafunzi aliye ndani ya gari hawezi kufukuzwa.

Nimemsimulia habari za mwanangu njia panda tatu mfululizo. Alivyopata alama nzuri za hesabu. Alivyotengeneza bawaba za kabati akiwa na miaka tisa. Mwalimu akaniomba niangalie barabara. Nikamwambia barabara haina habari yoyote mpya.

Kurudi nyuma, nikagonga pipa. Akasema nijaribu tena. Nikaligonga kwa upande wa pili. Kasema kwa miaka ishirini hajaona mtu akigonga pipa moja pande zote mbili. Nimefurahi kuwa wa kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Mstaafu, aliyewafundisha watoto wa mtaa huu wote. Anaishi peke yake na magazeti. Nilidhani itakuwa rahisi, mtu wa kuimba wimbo wa taifa amesimama wima hata ukipigwa redioni.

Akaanza kuniuliza maswali. Injini inatoka wapi? Chuma je? Nani mwenye kiwanda? Nikamwambia mwenye kiwanda ni mwanangu na wenzake. Akatikisa kichwa. Akasema siku hizi hakuna gari lenye nchi moja, gari ni mkutano wa kimataifa. Ukinunua la nje, fedha inakwenda nje. Ukinunua la ndani, inakwenda nje vilevile, ila njiani inapitia kwa mwanao.

Nikamwambia basi, anunue hilo linalopitia kwa mwanangu!

Akasema atafakari. Walimu wanapenda kutafakari. Nimeondoka bila saini, ila nimepewa magazeti ya mwezi uliopita.

Jumatatu, 10 Machi

Wa kwanza! Leo silali na njaa ya ushindi!

Somo la nne. Kilimani. Mwalimu wa Udereva akasema nikanyage klachi kidogo kidogo. Nikawa nimeikanyaga toka sokoni mpaka juu, maana miguu yangu inachoka ikining'inia. Ghafla harufu. Kisha moshi. Kisha gari likakataa kwenda mbele, nyuma, popote.

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa barabara ameshika kichwa. Wanafunzi sita wanamngoja. Klachi ya gari lile haipo madukani, lazima iagizwe, miezi mitatu.

Nikafungua mkoba. Fomu ya mnunuzi ilikuwa humo, pamoja na kalamu na leso ya kumpangusia jasho. Chini nilikuwa nimeshajaza namba ya mwanangu ya kazi: 417. Akaichukua kalamu. Akasema atanunua, kwa sharti moja, nisije kujifunzia humo.

Nimekubali. Kujifunza kwenyewe nilishachoka.

Jumatano, 12 Machi

Wa pili! Lakini leo nimetaabika.

Mtengeneza Majeneza anataka gari la kubebea kazi zake. Alikuja kulitazama langu. Akauliza kama jeneza la mtu mzima litaingia. Hakuwa na futi ya kupimia. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Nikalaza viti vya nyuma, nikapanda, nikajinyoosha, mikono kifuani, macho nikafumba ili asije akasema nimedanganya vipimo.

Nikaingia vizuri, na nafasi ikabaki.

Tatizo, mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na yeye amesimama pembeni amevua kofia kwa sababu ya joto. Mama Meli akatokea kwenye roshani yake. Mayowe! Akashuka mbio bila viatu, akavuka barabara analia, anasema dada yangu, dada yangu, juzijuzi tu nimemfungia geti.

Nikakaa. Akanipiga kofi la begani, akarudi kwake bila kuniaga. Mtengeneza Majeneza amesaini palepale. Anasema mteja anayejipima mwenyewe hajawahi kumpata.

Nimekumbuka sasa naandika: hakuna mtu aliyenililia tangu msiba wa marehemu. Haikuwa mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Daktari wa Meno alikuwa ameiva kabisa. Kalamu mkononi! Nikamwambia kabla ya kusaini asikilize mlango. Dup. Akatabasamu. Nikasema asikilize tena. Dup. Mara ya tatu nikautia nguvu kidogo, kwa fahari, na kioo chote kikatumbukia ndani ya mlango. Akaniwekea kalamu juu ya boneti. Akasema ana mgonjwa.

Fundi Gereji amekuja akafungua kava la ndani la mlango. Nikaona mambo ambayo mama hapaswi kuona. Kila kitu kina maandishi. Kitasa kimetoka nchi moja. Kioo nchi nyingine. Mpira nchi ya tatu. Mota ya kupandisha kioo imetoka kule kule linakotoka gari la Mama Meli, na iliyokufa ni hiyo. Itabidi iagizwe. Fundi anasema huenda ikaja meli moja na kile kifaa cha gari jeupe. Yaani vyuma vyetu vitasafiri pamoja wiki sita wakati sisi wenyewe hatusalimiani.

Nikamwuliza Fundi, humu ndani cha kwetu ni kipi. Akafikiri. Akasema, upepo wa matairi, mama.

Nilitaka kumfukuza. Lakini akaninyooshea kidole pembeni, karibu na bawaba. Kalamu ya buluu, herufi ndogo kama za mtu anayeogopa kusumbua: 417.

Ni yeye. Anaandika namba kila mlango anaoumaliza, ili ukirudi na kasoro wajue wa nani. Na mimi mwaka mzima nimekuwa nikinywa chai kando ya mwandiko wa mwanangu bila kujua.

Nimemkataza Fundi kurudisha kava. Mlango ubaki uchi.

Jumapili, 16 Machi

Hakupiga simu. Jumapili hulala, zamu ni nzito, namwelewa.

Nimefua mapazia ya chumba chake. Nimegeuza godoro. Nimetoa vikombe viwili kabatini nikaviosha vyote, ingawa kimoja hakijatumika. Kisha nikakaa ndani ya gari mpaka chai ikapoa.

Mwalimu Mstaafu akapita na magazeti. Nikamwonyesha mlango. Sikusema neno la biashara, sikuwa na nguvu. Akavaa miwani. Akainama. Akakaa ameinama hivyo mpaka nikadhani mgongo umemkamata.

"Hiyo saba," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mia nne kumi na saba.

"Nasema hiyo saba, ina mkato katikati. Mkato huo niliufundisha mimi. Mwanao alikuwa anaichanganya na moja. Nilimwandikisha saba ukurasa mzima."

Akaugusa kwa kidole, taratibu, kama wino bado mbichi. Akasema maisha yake yote amefundisha uchumi wa taifa, viwanda vyetu, bidhaa zetu, na kitu cha hapa alichokishika kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa chaki, na chaki nayo ikaja kuwa ya kutoka nje. Akaomba fomu.

Watatu! Wametimia! Siku tano kabla!

Jumatatu, 17 Machi

Nimemjulisha mwanangu saa ya chakula. Sauti ikawa kama ya utotoni, akasema mama, kweli? Kwamba atakuja tarehe ishirini na nne. Kwamba nimwekee kile kitanda chake, asilale sebuleni. Akasema sasa nipumzike.

Nilikuwa na nia ya kupumzika. Nimetoka kwenda kununua sabuni tu. Mama Meli alikuwa getini. Nikamwambia wanunuzi watatu, na mwanangu anakuja. Akasema hongera, dada. Kisha, akiwa ameshageuka: kwamba klachi iliyoungua, majeneza na mzee wa magazeti, hao si wanunuzi, hao ni watu waliopatwa na jambo. Hakuna mtu mwenye kuchagua aliyechagua bati.

Sikununua sabuni.

Lazima anunue yeye!

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa Mama Meli kila siku. Jumanne aliongea nami kupitia tundu la geti. Jumatano akaniletea kigoda, nikakaa nje ya geti na yeye ndani. Leo kanikaribisha sebuleni. Viti vyote vina vitambaa vilivyofumwa, hakuna hata kimoja kilichokunjamana. Picha ya binti yake ukutani, na ya mjukuu. Mjukuu kwenye picha ana meno mawili. Mama Meli anasema sasa yuko darasa la tatu.

Fundi Gereji alikuwa uani kwake anachunguza gari jeupe. Akatuita. Ametoa fungu la nyaya nene kama mkono. Zina lebo. Lebo inasema zimefungwa nchi hii! Zikapelekwa ng'ambo, zikaingizwa kwenye gari jipya, watu wa huko wakaliendesha mpaka wakalichoka, likarudi hapa kwa meli na nyaya zetu tumboni.

Nikamwambia Mama Meli kwamba basi, gari lake ni la kwetu kuliko langu. Nilipokwisha kusema nikaona nimejipiga mwenyewe.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikujua anacheka vile.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya mwisho. Nimefika kwake saa mbili asubuhi na fomu. Nilikuwa nimejiandalia hoja kumi na moja. Sikutumia hata moja. Akaichukua fomu, akaiweka kwenye kitambaa chake kilichofumwa.

"Nitasaini," akasema. "La mkwe limenichosha, na yeye mwenyewe hapokei simu. Lakini dada, nikishasaini usiache kuja."

Nikamwambia nitakuja, ila wiki mbili zijazo nitakuwa na mgeni.

Akasaini. Mkono wake una mwandiko mzuri kuliko nilivyodhani. Wanne! Kwa hoja na ustadi wangu! Nimeituma fomu kiwandani kabla ya saa sita. Mwanangu hakuomba wa nne. Ni zawadi ya kushtukiza.

Jumapili, 23 Machi

Kesho.

Nimepika mara mbili kujipima. Nimesogeza ndala zake upande huu, kisha upande ule, zisionekane zimepangwa. Nimemwambia Fundi Gereji, Mwalimu Mstaafu, mwenye duka, na mtu mmoja nisiyemjua aliyekuwa anauliza njia. Gari nimeliosha. Kioo bado kimo ndani ya mlango. Atakitazama mwenyewe, ni wake.

Jumatatu, 24 Machi

Amepiga saa nne asubuhi. Si saa ya chakula. Nikadhani yuko njiani.

Hakuwa njiani. Alikuwa anapanga sanduku.

Amewashinda wote! Kiwanda kizima! Wa pili alikuwa na watatu, sawasawa na yeye, mpaka fomu ya nne ilipofika Ijumaa. Kwa hiyo amepata ile zawadi kubwa zaidi. Wenye kiwanda wanampeleka kwenye kiwanda kikuu cha kampuni, ng'ambo, akajifunze milango ya magari mapya. Miaka miwili. Wanaondoka leo usiku na uongozi. Basi linatoka kiwandani moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Aliomba kwanza aje nyumbani, hata siku moja. Tiketi ilikuwa imeshakatwa.

Nikamwuliza yule wa pili amepata nini. Likizo. Yuko kwao tangu jana.

Nikampongeza. Nikamwambia niliwahi kuwaambia watu wote kuwa atavuka bahari. Nikamwambia avae soksi. Dakika zikapita nyingi, sikuziangalia. Nyuma yake hakuna sahani wala vicheko.

"Mama," akasema. "Watatu walitosha."

Sijui alikuwa na maana gani. Tangu utotoni ni mnyenyekevu, hapendi kuonekana amewazidi wenzake. Nikamwambia ahsante.

Nimerudisha kikombe kimoja kabatini.

Alasiri nilikaa kwenye gari. Mlango wa dereva ukafunguka, Mama Meli akaingia na chupa ya chai. Akanimiminia, akajimiminia, akashika usukani kama mtu anayekwenda mahali. Mlango wa kulia haufungi vizuri kama wa kushoto. Hata yeye ameona.

Jumanne, 25 Machi

Nimeamka na akili mpya!

Nimemwuliza Mama Meli mkwe wake anaagiza magari kutoka nchi gani. Ni hiyo hiyo! Kampuni ileile! Kiwanda kilekile alikopelekwa mwanangu! Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao, gari lolote litakaloshuka melini, mlango wa mbele kushoto ni wa 417.

Watu wa mtaa huu hawajui wanachokosa kwa kung'ang'ania ya kwetu. Dunia imekuwa moja! Nimekwenda kwa Mwalimu wa Udereva kumshauri alirudishe lile gari jipya. Akazima taa, akajifanya hayupo, saa tatu asubuhi. Mtengeneza Majeneza amesema anipime tena, safari hii kwa ukweli. Mwalimu Mstaafu nimemweleza kwamba kununua vya ndani ni fikra za zamani, na fedha ikienda ng'ambo sasa inapitia kwa mwanangu vilevile. Akaniangalia juu ya miwani. Amesema atatafakari.

Mama Meli amempata mkwe wake kwa simu, mara ya kwanza mwezi huu, kwa sababu alisema ni habari za biashara. Mkwe anasema magari yanayofika huku huwa yametumika kule miaka saba au minane. Yaani mlango atakaoufunga mwezi ujao nitauona nikiwa na miaka sitini na tisa.

Si neno. Nimemwambia mkwe aliandike jina langu liwe la kwanza kwenye orodha, nitakagua kila mlango karibu na bawaba. Saba yenye mkato. Siwezi kuikosa.

Na kule nako lazima wana tangazo lao. Viwanda ni ndugu. Wanne wamempeleka mbali kidogo, nakubali, maana hawakuwa wengi vya kutosha. Safari hii sifanyi mambo kinyongenyonge. Naanza na kumi.

Mama Meli nimemwambia aje alasiri, na kalamu.